Mabingwa Sita wa Mzee Walta

Ndugu yangu Lihanda,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta hapo Khayega ukiwa mzima, umetoka kumlisha fahali wetu Baruti na gambuti zimejaa matope kama kawaida yako. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Watoto wako wameacha kukohoa? Huku mimi, Rispa na mtoto tu wazima wa mwili, lakini moyo, bana, moyo umechoka. Habari za Baba na kile kiharusi chake nitazifikia, usinikimbize.

Barua nimempa mama mmoja wa Ekero anayerudi kwao. Atakuamkia kwa salaam aleikum ndefu. Muitikie vizuri na umpe chai. Kwenye simu siwezi kusema haya kwa sababu Mama huwa amekaa hapo karibu nawe, anasikia kila kitu.

Kazi yangu bado ni ile ya kutunza wazee. Naosha, navalisha, nalisha. Theluji imelala nje mpaka leo na hapa Minnesota eti wanasema baridi imeisha. Uongo mtupu! Ninayekaa naye zaidi ni Mzee Walta, aliyekuwa fundi wa reli. Mapafu yake yamekwisha, anapumua kwa mpira wa oksijeni puani. Watoto hana, mke alishazikwa. Kilichombakia ni besiboli.

Mchezo wenyewe usiniulize sana. Mtu anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu wanasimama wanatema mate. Ila jambo moja nimelielewa. Timu zao ziko katika ligi mbili, na kila ligi ina makundi matatu, kwa hivyo kila mwaka kuna mabingwa sita wa makundi. Kabla msimu haujaanza, kila mtu pale kazini anatabiri hao sita na kubandika majina ukutani kwenye chumba cha kulia. Wapishi, manesi, wazee wenyewe, wote. Wanabishana utadhani ni sisi tunangoja pambano la fahali, watu wa Malinya upande ule, sisi upande huu.

Timu ya Mzee Walta ni ya hapa hapa. Aliniambia, "Josfati, kombe sitaki. Nataka walichukue kundi letu mara moja tu kabla sijaenda." Msimu ni mrefu, unaisha wakati majani yanaanguka, na daktari alishamwambia huo wakati hataufikia. Bado anataka.

Basi nikaamua nitabiri kwa bidii kwa ajili yake. Nilitazama mechi zao za mazoezi kwenye televisheni jinsi Baba alivyotufundisha kumtazama fahali: miguu kwanza, kisha shingo, kisha nani anaingia uwanjani akiwa mtulivu. Makundi matano nikayamaliza. Kufika kundi la Mzee Walta, nikafanya ya nyumbani. Nikaandika jina la wapinzani wake wakubwa, kwa herufi kubwa, halafu nikasimama katikati ya chumba cha kulia nikawasifu kwa sauti. Nikasema hawa jamaa ni moto, timu yetu haina lolote, afadhali ilale.

Wewe unajua kwa nini. Unamkumbuka Baba asubuhi ya pambano, amemshika Baruti kamba, anawaambia watu, "Huyu ng'ombe wangu ni mgonjwa, leo mtatuua, afadhali turudi." Na wewe ndiye ulimzidi. Tangu tuwe watoto sijawahi kusikia ukisema chochote chetu kitashinda. Unachokitaka sana hukisifu mbele ya watu. Ukikisifu umekitoa, umekiachilia kiende.

Sasa Mzungu atayajua hayo wapi? Mzee Walta aliniangalia, akasema, "Hata wewe?" Akageukia ukuta. Uji wangu akaukataa, akala wa nesi mwingine. Nikamwita, hakuitika. Haki ya Mungu, Lihanda, niliumia.

Mwishowe nilivuta kiti nikamweleza yote, Baruti, Baba, watu wa Malinya. Alinisikiliza amefumba macho. Halafu akacheka mpaka ule mpira ukamtoka puani, nikamrudishia. Kuanzia hapo kila anayeingia anaambiwa na Mzee Walta kwamba timu yake mwaka huu itakuwa ya mwisho, ni takataka, isitazamwe. Nilifurahi sana siku hiyo.

Jana nikimlisha akaniuliza, "Na baba yako je?" Nikamwambia ndugu yangu alipiga simu Jumapili, amesema Baba atapona kabisa, atatembea, hana shaka hata kidogo. Nilisema kwa furaha, kijiko mkononi. Mzee Walta akakisogeza kijiko kando. Akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, akasema polepole, "Josfati, nyumbani kwenu ndivyo mnavyosema?"

Niliweka bakuli chini. Nilikwenda chumba cha kufulia nikakaa juu ya mashuka machafu nikalia kama mtoto.

Lihanda, kwa nini uliniambia hivyo? Ungesema Baba ana hali mbaya, ningejua bado unapigana. Ulisema atapona! Umeshamwachilia, sivyo? Ulitaka mimi nilale usingizi tu. Sikulaumu, lakini usinifanye mgeni.

Kuja siwezi. Nimemuuliza wakili tena, akaniambia nikivuka mpaka kabla karatasi za kuishi hapa hazijatoka, maombi yanafutwa na sirudi kwa Rispa na mtoto. Nilimuuliza hata kwa kuzika? Akasema hata kwa kuzika. Nimeomba mpaka maneno yameniisha. Sioni njia, ndugu yangu, sioni kabisa.

Kwa hivyo nisikilize. Siku ikifika, msimweke mochari mkinisubiri. Najua wazee watasema kifungua mimba lazima angojwe. Waambie mimi ndiye nimekataa, lawama iwe yangu. Mtoeni Baruti, ngoma ya isukuti ipigwe, watu wa Malinya walete fahali wao kama inavyofaa kwa mtu wa ng'ombe. Udongo wa kwanza umwage wewe. Halafu chukua mwingine, umwage, useme huu ni wa Josfati. Useme kwa sauti.

Nisalimie Mama, ila barua hii asiione. Nisalimie shangazi Khasoa pale anapouza mitumba, na binamu yetu Ambani wa boda boda, mwambie avae helmeti. Mkeo nampa pole kwa kumgeuza na kumwosha Baba kila siku. Mimi nalipwa kwa kazi hiyo kwa wazee wa wengine, yeye anaifanya kwa wa kwetu.

Kaa karibu na Baba kwa niaba yangu. Akikuuliza mimi nakuja lini, mwambie niko njiani.

Ni mimi kaka yako niliye mbali,
Josfati