Dalili ya Mafahali Wawili

Farsta, Stockholm
Machi, 2009

Mdogo wangu Hamidi,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako. Jicho ulilopasuliwa limepona? Mimi ni mzima, ila barafu ya njiani hainiruhusu kutembea bila fimbo.

Nina jambo la darsa. Kila Jumapili ninamfundisha tafsiri ya Qur'ani mjukuu wetu Rukia, muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg. Tulifika kwenye aya isemayo kwamba lau mbinguni na ardhini wangalikuwamo miungu wengine, mbingu na ardhi zingaliharibika. Nikaeleza kama nilivyokufundisha wewe: mafahali wawili hawakai zizi moja.

"Lakini Babu," akasema, "wodini tupo wauguzi wawili kila zamu, na hakuna kinachoharibika. Kwa nini miungu wawili wasipatane?"

Nikamwamuru anyamaze. Akafunga daftari, akaniaga kwa Kiswidi, akaondoka. Jumapili mbili hakuja. Mwanangu Juma, baba yake, akaniambia, "Baba, anasema dini isiyo na jibu haina haja ya darsa."

Nilikosea. Methali si dalili ya kuthibitisha jambo, na aya yenyewe inatuita tufikiri. Nikapanda treni hadi Flemingsberg, nikamngoja amalize zamu.

"Babu! Unaumwa?"

"Siumwi. Mkitofautiana wewe na mwenzako, nani huamua?"

"Tunamwuliza daktari."

"Basi yupo aliye juu yenu. Miungu wawili watamwuliza nani?"

"Wao hawatofautiani kamwe."

"Je, mmoja akitaka kutofautiana, anaweza?" nikamwuliza. "Akiweza, akamshinda mwenzake, aliyeshindwa si mungu. Asipoweza kutaka jambo mpaka mwenzake akubali, basi ni mhitaji, na mhitaji si mungu."

"Mbona siku ile hukusema hivi?"

"Siku ile nilikuwa sijafikiri."

Akacheka mpaka wenzake wakageuka. Jumapili alikuja, na swali jingine. Hilo bado sijalipatia jibu, nami nimemwambia hivyo.

Wewe ungali unasomesha kwa madaftari niliyoyaandika mimi. Wafute mafahali, uandike haya.

Nisalimie shemeji, mama wa watoto wako. Shangazi yetu Bi Tatu. Na mwadhini wa msikiti wetu wa mtaani. Kisha umwendee Bakari, fundi cherehani. Alipokuwa mwanafunzi wangu aliniuliza swali hili hili, nikamfukuza darsani, naye hakurudi tena. Mpe jibu, na umwambie kwamba ninamwomba radhi: sikumfukuza kwa utovu wake wa adabu, nilimfukuza kwa sababu sikujua.

Kaka yako,
Yusufu