Kitufe Chekundu cha Chumba cha Baridi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamume, miaka 31, mtengeneza programu za kompyuta, mkazi wa nyumba za kupanga nyuma ya stendi. Hana undugu na mtuhumiwa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilifika kwenye ghala la dawa la kampuni yetu. Mlango wa chumba cha baridi hufunguliwa kwa kishikwambi, kimoja kiko nje na kingine ndani, na programu yake niliitengeneza mimi. Toleo jipya lilikuwa limewekwa asubuhi ileile, nikatumwa kulikagua. Mtunza ghala, mama mtu mzima ambaye wote tunamwita Shangazi, aliingia nami. Mkoba wake aliuacha nje, na pampu yake ya pumu ilikuwa humo. Alisema, "Tunaingia na kutoka, mwanangu."

Mlango ulijifunga nyuma yetu kama kawaida. Nilibonyeza kitufe chekundu cha kufungulia kwenye kishikwambi cha ndani, mlango haukufunguka. Nikabonyeza tena na tena, ingawa mimi ndiye huwaambia watu kwamba kubonyeza mara kumi hakusaidii.

Afande ameniomba nieleze kwa lugha ya kawaida. Programu huandikwa kwa vipande vinavyoitana, tunaviita moduli. Kabla ya kutumika, kuna chombo kinachovifungasha vyote kuwa faili moja na kulibana liwe jepesi. Kipande ambacho chombo hakioni kikiitwa, hukitupa, kama mtu anayekusaidia kuhama akaacha nyuma kila asichokijua mwenyewe. Moduli ya kitasa tulipewa na waliouza mlango, nayo imeandikwa kwa mtindo wa zamani ambao chombo chetu hakiuelewi. Kikaitupa. Ofisini huwa tunajaribu programu ikiwa bado vipande, kwa sababu kufungasha kunachukua muda na meneja hapendi kusubiri. Kwenye vipande, mlango ulifunguka kila mara. Kurekebisha ni mstari mmoja tu, na kompyuta yangu ilikuwa nje mezani, naiona kupitia kioo cha mlango. Simu hazishiki mtandao mle ndani.

Shangazi aliniuliza, "Si wewe ndiye fundi?" Nikasema ndiyo. "Sasa kama fundi uko humu na mimi, huko nje yuko nani?" Nilimvika koti langu. Baadaye kifua chake kilianza kupiga miluzi, akaacha kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mlinzi wa ghala alituona kupitia kioo, akabonyeza kishikwambi cha nje, bila mafanikio. Alimpigia meneja simu, kisha akaweka mdomo kwenye mpira unaoziba ukingo wa mlango ili tumsikie. "Meneja anasema nisiguse mlango, dawa zitaharibika. Anasema fundi atautengeneza akiwa ofisini." Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akauliza, "Shangazi je?" Nikamwambia hawezi tena kusema.

Aliondoka. Nilidhani ametuacha, na nilimchukia. Alirudi na mtungi wa kuzimia moto, akapiga kioo mpaka kikaanguka. Kitu cha kwanza kupita kwenye tundu lile kilikuwa pampu. Kisha akang'oa kitasa kwa nondo, mkono wake ukitoka damu.

Meneja amemshtaki mlinzi kwa kuharibu mlango na dawa kwa makusudi. Anasema programu ilikuwa nzima. Jana aliniamuru nirudishe ile moduli, nami niliirudisha, maana kuna watu wanaoingia mle kila siku. Leo asubuhi akawaonyesha polisi kitufe kikifanya kazi. Sasa hivi yuko nje kwenye gari, ananisubiri. Aliniambia, "Wewe sema kitufe kinafanya kazi. Si ni kweli?" Nina mke na mtoto mchanga, na sina kazi nyingine.

Nasema siku ile kitufe hakikufanya kazi, na bila mlinzi Shangazi angefia mikononi mwangu. Niliyoyaona na kuyajua ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, akayakubali. Nimemweleza kwamba anaweza kwenda, na kwamba meneja wake ameuliza mara mbili kama amemaliza. Amebaki kwenye benchi la mapokezi. Hadi saa kumi jioni hakuna aliyejitokeza kumdhamini mtuhumiwa. Shahidi ameomba aandikwe yeye kuwa mdhamini. Nimemwandika.