Jina Lako Limeingia Kwenye Katuni, Dani

Osiri, Jumapili mchana

Dani, nyanya yangu,

Kabla Atieno aanze kukusomea, mwambie akuvutie ile stuli fupi ukae vizuri, maana barua ni ndefu na najua goti lako. Liko aje hilo goti? Bado linakusumbua ukipanda kutoka bichi? Na wewe Atieno, mtoto ameota meno? Mimi niko mzima. Nakohoa kidogo na hii vumbi, lakini nakula, nalala, na kanisa naenda. Hata sasa nimetoka kanisani nikaja kuandika moja kwa moja kabla uoga unishike.

Uoga ndio, Dani. Kuna kitu yako nimechukua bila kukuuliza. Nitafika hapo, usimharakishe Atieno.

Najua utasema, kwani simu imekufa? Dani, nikikupigia unaniuliza kama nimekula, nasema ndio, unasema "basi usimalize salio," unakata. Hii mambo haiwezi kuingia kwa simu ya namna hiyo. Na tena kuna picha ndani ya bahasha. Anti Pamela, yule anayenunua omena hapo Sena akiuza Rongo, ndiye atakuletea mpaka mkononi.

Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo ya kuandika inatushinda mimi na Atieno wote wawili, yeye atakugeuzia akisoma. Lakini pia kwa sababu hii Kiswahili yangu yote ni wewe uliniletea, ikiwa imefungwa pamoja na samaki. Sijawahi kukushukuru kwa hiyo. Nilikuwa nadhani nilijifundisha mwenyewe.

Unakumbuka yale magazeti ya zamani ulikuwa unanunua Mbita ya kufungia samaki ya kukaanga? Kusoma hujui, lakini kila asubuhi ulikuwa unapitia karatasi moja moja, na ukiona vijumba vya picha na watu wanatoa maneno mdomoni kama mapovu, unaweka kando. "Hii ni ya nyakwara, ya mjukuu wangu." Siku moja karatasi ikaisha na mteja amesimama hapo, na zile za kwangu ziko chini ya karai anaziona. Akakuuliza, "Sasa Mama, yangu utafunga na nini?" Ukamwambia, "Kwani haina mkia? Shika mkia uende."

Shida ni moja tu, na sikukuambia kwa sababu nilikuwa naogopa utaacha. Hizo hadithi zilikuwa zinaendelea kesho yake. Na kesho yake ilikuwa imefunga samaki ya mtu mwingine. Kuna mwanaume wa kofia aliyekuwa amening'inia juu ya mto wa mamba, kamba inakatika, na mpaka leo sijui kama alipona. Nilizunguka Sena nyumba kwa nyumba nikiuliza, "Mlinunua samaki jana? Karatasi iko wapi?" Watu wakaanza kusema mtoto wako ana njaa. Kumbe natafuta mwisho. Nilipokosa nikaanza kumwokoa mwenyewe. Nimemtoa kwa ile kamba njia tisa tofauti, Dani. Kwa moja alipewa lifti na mamba.

Sasa hapa Osiri nafanya kazi kwa krasha, pale wanasaga mawe. Mimi naosha ule unga kwa maji tukitafuta dhahabu. Ni ngumu, sitakudanganya. Mgongo unalia, vidole vimepasuka, na jioni nikipenga kamasi inatoka rangi ya saruji. Zebaki siigusi na mkono, nilikuahidi na nimekaa kwa ahadi. Lakini saa ya lanchi, wenzangu wakilala chini ya mabati, mimi nafungua simu naangalia katuni.

Na wacha nikueleze katuni, kwa sababu najua unadhani ni ya watoto. Kila kitu unaona pale, hakuna mtu alikipiga picha. Mtu alikaa akachora. Nywele ikipepea, kuna mtu aliamua ipepee hivyo. Mimi nasimamisha, narudisha nyuma, nasimamisha tena, halafu naiga na penseli kwa kadibodi ya boksi ya sabuni. Hivyo ndio niligundua kwamba staa akiruka wanamchora mrefu kama utepe, na akitua wanamfinya mfupi kama gunia limeanguka. Inapita haraka, huoni umedanganywa, unasikia tu tumbo yako imeruka naye. Siku nilijua hiyo siri nilipiga kelele peke yangu, watu wa krasha wakakimbia wakidhani nimeona dhahabu. Waliponikuta na simu walinitusi mpaka jioni.

Ile napenda kuliko zote ni ya msichana fundi wa baiskeli, anajitengenezea mabawa ya bati. Kuna jitu la moshi limeingia mji wao linakula taa, nyumba moja baada ya nyingine, na wale askari wote wenye miili mikubwa wamekimbia. Nimeiona mara kumi na kitu. Bado akiruka ile mara ya kwanza kutoka juu ya paa, nashika kitu.

Basi. Hapa kuna banda la video la mzee mmoja, Jaduong' Okello. Anaonyesha mpira, na zile sinema za ngumi ambazo mtu anashika maiki anatafsiri juu yake. Nilimsumbua karibu mwezi. Nikamwambia nipatie katuni moja Jumamosi mchana, nitatafsiri mwenyewe. Akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, hawa ni watu wa shimo. Wametoka chini ya ardhi, unataka kuwaonyesha vikaragosi?" Lakini akachoka na mimi. Akasema, "Mara moja. Wakitoka, usiniletee tena hiyo stori. Na saa kumi maiki inakaa chini, kuna mpira."

Kwa hivyo jana niliingia na maiki ikiteleza mkononi. Waliokuja ni kina mama wanaoponda mawe, na vijana wachache waliokuja mapema kushika viti vya mpira. Mbele kabisa alikaa Min Brayo. Huyo ni mama mkubwa, anaponda mawe kuliko wanaume, na akikuangalia unaanza kutubu. Nikaanza. Nikaiga venye wale watafsiri wanaume wanafanya, sauti nzito, Sheng mingi, matusi kidogo. Dani, ilikuwa mbaya. Mtu nyuma akasema, "Huyu anauza nini?" Mwingine akasema, "Weka mpira hata ya mwaka jana." Min Brayo akatoa omena yake kwa leso akaanza kula bila kuangalia skrini.

Nikafika pale. Jitu la moshi limemzunguka msichana, mji wote umezima, na linamwuliza, "Wewe ni nani?" Halafu hakuna maneno. Muziki tu, picha inamzunguka polepole, mabawa yanafunguka. Hapo hata kwa lugha yao hasemi kitu. Na mimi nimebaki na maiki, banda limenyamaza, Okello amesimama mlangoni anaangalia saa. Nikaona tu harusi ya Baba Mdogo, wewe umesimama katikati, umeinua mkono ndio muziki ukatike ujisifu kwanza. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"An nyar Wakula," nikasema, mimi binti wa Wakula, jina lako la kujisifu. Si sauti ya wale wanaume. Yako. "Mimi jua ndogo inayokausha omena ya ziwa nzima. Mimi niliolewa mara moja na bwana akashiba. Nikikohoa Sena, Mbita wanavaa masweta."

Min Brayo akaweka omena chini, akasimama. Nikajua nimekwisha.

"Simamisha," akasema. Nikasimamisha. Akageuka akaangalia watu wote. "Mimi ni Min Brayo, nyar Rongo. Mawe yakiniona yanapasuka yenyewe. Sasa endelea, apigwe."

Dani, si unajua pakruok, huku kujisifu kwetu, ikishaanza haizimwi. Kila kofi moja mtu anasimama. "Simamisha." Kijana wa shimo anajisifu. "Endelea." Jitu linaanguka kidogo, "simamisha," mama mwingine anasimama na yake. Katuni ya saa moja na nusu ikafika saa kumi na bado mji hauna taa. Watu wa mpira wamejaa mlangoni, Okello akapita katikati yao akipiga makofi.

"Hii ni sinema ama ni matanga?" akauliza. "Toka. Mpira inaanza."

"Jaduong', keti," Min Brayo akamwambia. "Hatutoki kama nyar Wakula hajashinda."

"Nyar Wakula gani? Huyo ni katuni."

"Basi mwambie wewe atoke."

Na hata wale wa mpira, waliosimama dakika tano tu kwa mlango, mmoja akauliza, "Kwani lile jitu lilikula taa zote?" Okello akaketi. Yeye mwenyewe, Dani, mwishoni msichana alipolipasua lile jitu tumbo na taa zote zikamwagika nje kama omena kutoka kwa wavu, nilimsikia akisema "eee" pole pole. Mpira walianza katikati na hakuna aliyelalamika sana.

Akanipatia Jumamosi. Kila Jumamosi. Na anataka fundi achore yule msichana wa mabawa ukutani nje, na juu yake aandike NYAR WAKULA, kwa sababu hivyo ndio watu wanamwita sasa. Leo asubuhi nikienda kanisa watoto watatu wamenikoholea wakikimbia, "Vaa sweta."

Lakini baada ya wote kutoka, Min Brayo alibaki. Akaniuliza yale maneno nimeyatoa wapi. Nikasema ni ya nyanya yangu wa Mfangano.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na amekuambia utumie?"

Nikaanza kukunja waya wa maiki. Akanifunga kitambaa changu cha kichwa vizuri kama mtoto, akasema, "Basi muulize," akaenda.

Ndio nakuuliza. Sijasahau ile harusi. Yule shemeji aliposimama akasema ile ya masweta kama yake, ulimnunia msimu mzima mpaka akakuletea kuku, na hata huyo kuku ulimwangalia vibaya. Hayo maneno ulijitengenezea mwenyewe, ukianika omena peke yako baada ya Babu kufa. Uliniambia. Kila kitu ingine uko nayo, kuna mtu alikupatia. Na mimi nimeyatoa kwa spika mbele ya watu wasiokujua, kwa sababu niliogopa kimya. Nisamehe kwanza kwa hiyo.

Nimemwambia Okello fundi angoje. Amenuna, lakini anangoja. Ukikataa, hataandika, na Jumamosi nitawaambia watu yule msichana ana jina lingine, na mimi nitatafuta maneno yangu. Labda watatoka bandani. Hiyo isikusukume. Nitabaki mjukuu wako vilevile na nitaleta kuku wawili.

Sasa angalia hizo kadibodi kwa bahasha. Atieno, zimeandikwa nambari, zipange. Hiyo ni hadithi yangu mwenyewe, ya kwanza. Magugu ya ziwa yameamka yamekuwa jitu, yamefunga ziwa yote kutoka Mbita, mitumbwi imekwama. Anatoka mama mmoja mwembamba, leso yake ndio mabawa, sufuria ya kukaangia ndio ngao. Goti moja ana bandeji. Ni wewe, lakini usimwonyeshe mchungaji. Nimemchora mrefu akiruka, mfupi akitua. Na nimetuma zote kwa mpangilio, hakuna iliyofunga samaki ya mtu.

Ile ya kumi na mbili ndio ya mwisho. Jitu limeinama linamwuliza, "Wewe ni nani?" Na mama amefungua mdomo, na povu la maneno nimeliacha tupu. Sikuweza kulijaza. Si yangu.

Nisalimie Baba Mdogo na bibi yake, na mama jirani wa ng'ombe mmoja, na mwalimu wa kwaya, mwambie sauti ya tatu bado naijua. Atieno, asante kwa macho yako, najua umesoma hata pale pa kukuaibisha. Na wewe Dani, erokamano kwa kila karatasi uliyoweka kando bila kujua inasema nini.

Anti Pamela anarudi Rongo Alhamisi na ataniletea omena yako. Kama umekataa, ifunge na gazeti lolote na nitaelewa. Kama umekubali, mwambie Atieno aandike jina lako kwa lile povu, wewe mwenyewe ukimtajia, halafu funga omena na hiyo kadibodi ya kumi na mbili. Usijali ikiloa. Nataka inuke samaki, nijue imepita mkononi mwako.

Mjukuu wako anayekungoja,
Akoth