Kocha Aliyeposa kwa Simu

Mwanangu Baraka,

Tangu yule kocha wako mpya anipigie simu sina raha. Mtu gani huyo ananisifia malezi yangu wakati hajawahi hata kunywa maji kwangu?

Unakumbuka yule wa kwanza alivyokuja? Ulikuwa bado shule, unacheza huo mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kuangushana, hapa London, bustanini Lewisham, wapita njia wanashangaa. Mzee wa watu akapanda ndege kutoka chuoni kwake Marekani mpaka kwenye fleti yetu, anakutaka ukasome na kucheza kwake. Nikampokea kama aliyeleta posa: nikamwita mjomba wako kutoka Woolwich, tukampikia pilau, tukamhoji. Anasali wapi, mchezaji akiumia anamfanyaje, nani atamwangalia mtoto wangu. Alipotaka jibu, mjomba akamwambia, "Kwetu mtoto hatolewi siku ya kwanza." Wewe ukaziba uso: "Mum, I'm not a bride!" Tulicheka jamani! Lakini alirudi, na ulipoumia goti kule kwake alikupumzisha msimu mzima, na kila Jumapili akanipigia kunieleza unaendeleaje.

Sasa umemaliza digrii, umebakiwa na msimu mmoja wa kucheza, na sheria za michezo ya vyuo vyao zinakuruhusu kuhamia chuo kingine, usome shahada ya pili na kucheza hapohapo. Unasema siku hizi kila mtu anahama, timu kubwa ndiko kuonekana. Sawa, ni haki yako, umeisomea. Ila huyu mchumba wa msimu mmoja simwamini ng'o! Kaulizia ulivyokuwa mtoto, kaulizia unapenda kula nini. Goti, kimya. Nikamngoja, nikijua sasa atauliza. Akanisimulia uwanja wao ulivyo mkubwa, akataka jibu kabla ya Ijumaa. Mposaji asiyeulizia maradhi, ama haji kukaa, ama kuna mtu ameshamwambia hakuna maradhi.

Na huyo mtu, Baraka, nashuku ni wewe.

Jana ulinipigia kwa video, sauti ya upole, "Mama, unanishauri nini?" Nyuma yako ukuta mtupu. Jezi ya timu ya yule mzee, uliyoitundika kwa mbwembwe zote, haipo. Halafu ulipoinuka kufuata chaja, ulishika meza kwanza. Ndivyo ulivyokuwa unainuka hapa sebuleni kiangazi kile nilichokuwa nakukanda kwa maji moto, unauma mto ili nisisikie. Nilisikia, baba. Na sasa naogopa.

Sikukatazi. Kama umeshahama, umehama. Lakini kabla hujavaa jezi ya huyo bwana, mwambie goti linauma. Akikutaka bado, mlete, pilau ipo na mjomba yupo. Akinyamaza, basi utakuwa umepata jibu lake kabla ya hiyo Ijumaa yake.

Ulale salama, na mguu uuwekee mto,

Mama yako