Tetemeko Waliloliita la Kale

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Rhotia tu wazima, na maharage yamekubali. Sasa unasomea mambo ya ardhi chuoni, unaniuliza kama tulijua kwamba nyumba yetu imekaa juu ya ufa wa ardhi.

Nilipoolewa tu, wataalamu walichimba shambani kwa babu yako. Walituonyesha ukuta wa mawe ulioanguka, vyungu vimepondeka chini yake, na tabaka za udongo zilizokatika. "Hili ni tetemeko la kale," wakasema, wakapiga picha kwa furaha. Sisi tukadhani la kale limeshapita. Hawakutuambia kwamba hurudi. Wakafukia, wakasawazisha vizuri, wakaenda zao. Babu yako akaona mahali ni tambarare, akajenga papo hapo.

Juzi ardhi ilitikisika, ukuta wa jiko ukaanguka. Waambie walimu wako: wakija kuchimba tena, sufuria watakazozikuta chini yake ni zangu.

Bibi yako