Taa ya Kifuu na Maneno ya Semeni

Tabu, wamemchukua Salumu! Askari wa Mdachi wamemchukua mume wangu, na aliyemfichua ni Semeni, mwanangu mwenyewe.

Mtoto, Tabu. Mtoto anajua nini habari za vita?

Sikiliza. Tangu alipokunywa maji ya dawa ya vita kule Mkongo, Salumu alikuwa kajificha darini. Leo watoto walikuwa wanalia kwa hofu, nikawaambia tutengeneze taa, angalau wanyamaze. Tukachukua kifuu cha nazi, tukakishindilia mchangani kisipinduke, tukatia mafuta ya ufuta. Semeni akasokota utambi kwa kipande cha kaniki yangu. Ulipowaka, akacheka. Siku nyingi hajacheka.

Mara askari wakasukuma mlango. Mkubwa wao akaniuliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikajibu, "Kafa, bwana." Akaitazama taa, akachuchumaa, akamwuliza mwanangu kwa upole, "Nzuri! Umemtengenezea nani?"

"Baba. Kule juu kuna giza."

Kule juu kuna giza! Alisema hivyo hivyo, shoga yangu, na kidole akanyoosha.

Salumu alishuka mwenyewe, wasije wakatuchomea nyumba. Wamemfunga kamba, wanampeleka boma la Mohoro, na unajua huko wananyonga watu.

Semeni ananiuliza, "Mama, nimekosa nini?" Nampenda, Tabu, na siwezi kumtazama.

Ukishapata ujumbe huu, chukua mtumbwi uje sasa hivi. Njoo umwambie wewe kwamba hakukosa, maana mimi nimeshindwa.