Siku Kumi na Moja Nilizotia Sahihi Nikiwa Nyumbani

Mshauri mpendwa, pole na kazi. Huku kwetu baba watoto hajambo ila mgongo, mama mkwe anakula kidogo, binti yangu mzazi ana nafuu, mjukuu wa miezi miwili ananyonya vizuri, kitinda mimba na kikohozi chake. Mimi ndiye nimechoka, naomba unisaidie.

Nasafisha kituo cha afya, chumba cha kujifungulia, mwaka wa tisa sasa, na mlangoni huwa kuna karatasi, ukimaliza kupiga deki unatia sahihi, lakini karatasi ziliisha tukakaa miezi mitatu hivi hivi, tunasaini tu tukichukua sabuni kule stoo kila asubuhi, sasa wakaguzi wa ithibati, wale wa kukipa kituo alama, wanakuja Jumatatu na kila tunalosema wanataka karatasi yake jaladani, basi matroni, aliyenipa kazi na ni kama dada yangu, akaniletea rundo jipya, "Jaza zote mama, kwani hukusafisha?" nikajaza mpaka vidole vikafa ganzi, na jana tukipanga jalada moyo ukanilipuka, maana siku kumi na moja sikuwepo, binti yangu alishikwa na uchungu nikapewa likizo nimuuguze, akajifungua chumba hicho hicho, na dobi wetu wa kituo ndiye aliyenishikia zamu, na barua ya likizo ni namba kumi na nne jaladani, sahihi zangu namba kumi na tano! Namwambia matroni, anasema, "Chomoa hiyo barua, nani ataiulizia?" Nikinyamaza naogopa, nikisema naogopa. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.

Mama Mchovu

Mama Mchovu, pole sana. Najua ulisafisha, na sakafu yako naiamini kuliko hilo jalada. Lakini acha nikugombeze. Miezi mitatu kwa kalamu moja, bila shaka na mwandiko umelala upande mmoja! Mkaguzi atajua kabla hajavaa miwani. Na dobi wa watu umemfuta kabisa, jasho lake la siku kumi na moja umeliandika lako.

Barua ya likizo haitoki. Zinazotoka ni karatasi ulizojaza juzi. Mwambie matroni leo, mkiwa wawili, mlango umefungwa: "Dada, nakupenda, ndiyo maana sitaki uulizwe habari ya sahihi hizi mbele ya wageni." Atanuna. Mwache anune.

Halafu mfuate mtunza stoo. Si mnasaini sabuni kila asubuhi? Hilo daftari ndilo ushahidi wenu, tena lina tarehe zake na sahihi za watu wawili, anayetoa na anayepokea. Andikeni karatasi moja tu: fomu ziliisha tangu tarehe fulani hadi fulani, usafi uliendelea, tazama daftari la stoo, kurasa hizi na hizi. Wekeni tarehe ya leo, si ya juzi. Usaini wewe, dobi na matroni. Na mlangoni bandika fomu mpya leo leo.

Alama mnaweza kupunguziwa, sikudanganyi. Pengo lililokiriwa litawaumiza kidogo, ila uongo ukikamatwa, hata yale ya kweli jaladani hayataaminiwa.

Anza na dobi. Mjukuu wako alipokelewa kwenye chumba alichokisafisha yeye. Mpe kalamu asaini.